Kwa nini ghala liko ng'ambo ya mto

Swali: "Naishi Louisville, Kentucky, huu ni mwaka wa sita. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala moja huko Jeffersonville, ng'ambo ya mto Ohio, upande wa Indiana. Mwenzangu kazini anasema kampuni zimejenga kule kukimbia kodi za Kentucky. Mume wangu anabisha, anasema ni ndege za UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, tu. Nani mkweli? Halafu nina la pili. Nimeanza kuuza vikapu na vitenge mtandaoni. Mzigo niliupeleka kwenye ghala la kampuni kubwa inayouza kwa niaba yetu wadogo, nao wakaugawa: sehemu iko Pennsylvania, sehemu Texas. Mimi kule sijawahi kukanyaga. Je, nadaiwa kodi?"

Jibu:

Dada yangu, usiwagombanishe. Mumeo amesema kweli na mwenzako amesema kweli, ila hawajibu swali moja. Mumeo anaeleza kwa nini maghala yamejaa eneo lenu badala ya kwenda Nebraska. Mwenzako anaeleza kwa nini, baada ya kufika eneo lenu, mengine yakaangukia Jeffersonville. Mimi kazi yangu ni hesabu za kodi za wenye maghala na wenye malori, na nilichokiona mara nyingi ni hiki: kodi ni nadra kuchagua eneo. Eneo huchaguliwa na barabara kuu, uwanja wa ndege, reli, na wingi wa watu wanaonunua. Kodi huingia mwishoni, wakubwa wa kampuni wakiwa wameshabakiza viwanja vitatu kwenye ramani. Hapo ndipo inapochagua upande wa barabara, au kwenu, upande wa mto.

Ngoja nikupigie hesabu, maana bila hesabu haya yanabaki maneno ya kijiweni. Chukua ghala ambalo siku zote lina bidhaa za dola milioni 20. Liweke mahali panapotoza kodi ya mali kwa bidhaa zilizomo ndani, tuseme asilimia 2 kwa mwaka ukijumlisha ya kaunti, ya mji na ya shule. Kampuni italipa dola 400,000 kila mwaka kwa sababu tu mzigo umelala pale. Sasa geukia malori. Kuendesha lori la mizigo Marekani siku hizi kunakula zaidi ya dola 2 kwa kila maili, ukiweka mafuta, dereva, matairi, bima na mkopo wa lori lenyewe. Ghala likitoa malori 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, basi kila maili moja unayolisogeza mbali na wateja inakugharimu dola 36,000. Gawanya 400,000 kwa 36,000: unapata maili 11 na kidogo.

Namba za ghala nimezitunga kwa mfano, lakini uwiano wake ndio huo huo ninaokutana nao ofisini. Kodi ile ina nguvu ya kulisukuma ghala maili 11. Ukilisogeza maili 12, akiba yote umeimwaga kwenye dizeli. Ukilipeleka maili 100, umechoma dola milioni 3.6 ili kuokoa laki nne. Ndiyo maana wanasiasa wa majimbo ya mbali wanaweza kufuta kila kodi waliyonayo na bado ghala lisije. Na ndiyo maana majimbo mawili yanayopakana, yenye mji mmoja katikati, hupigana vikali kwa ajili ya tofauti ndogo sana.

Louisville ni mfano mzuri wa jambo hili kuliko unavyofikiri. UPS ilianza kupanga vifurushi vyake vya ndege hapo mwaka 1982, na Worldport, kituo chake cha leo, ni mojawapo ya vituo vikubwa kabisa vya aina hiyo duniani. Mteja akiagiza simu usiku wa saa nne, ghala likiwa karibu na uwanja ule, mzigo unaruka usiku huo huo na kesho yake yuko nao. Hilo hakuna kodi inayoweza kulinunua. Kwa hiyo kampuni ikishaamua kuuza kwa haraka, inatia duara kwenye ramani kuzunguka uwanja wa ndege wa Louisville. Duara hilo halijali mto. Wala halijui Indiana inaanzia wapi.

Kodi inajua. Kentucky hutoza kodi ya mali kwa bidhaa za wafanyabiashara zilizoko stoo. Indiana nayo ilikuwa nayo, ikaifuta yote kufikia mwaka 2007. Ongeza kwamba upande ule, Jeffersonville, kulikuwa na kiwanda cha zamani cha risasi cha jeshi, ekari kama 6,000, ambacho kiligeuzwa kuwa eneo la biashara linaloitwa River Ridge. Amazon ilifungua ghala pale mwaka 2012. Desemba 2016 likafunguliwa daraja jipya la mashariki, na lori likapata njia ya moja kwa moja. Ardhi tambarare, barabara mpya, hakuna kodi ya bidhaa zilizolala, na bado uko ndani ya duara la ndege. Mtu wa kuchagua kiwanja hahitaji kukuna kichwa.

Lakini nisimpe mwenzako ushindi wa bure. Kentucky iliona inachopoteza. Bidhaa zinazopitia kwenye ghala la Kentucky zikielekea jimbo jingine ndani ya miezi sita zinasamehewa kodi ya jimbo, na serikali za mitaa zimeruhusiwa kufanya hivyo hivyo. Kisha kuanzia mwaka 2018 jimbo likaanza kuwarudishia wafanyabiashara kodi ya bidhaa kupitia kodi yao ya mapato: robo mwaka ule, nusu mwaka 2019, robo tatu mwaka 2020, na kuanzia 2021 yote. Kwa hiyo pengo la kodi lililokuwepo kati ya kingo mbili za mto limepungua sana. Majengo ya River Ridge hayakurudi, bila shaka. Ghala likishamwagiwa zege halihami kwa sababu bunge limebadili asilimia.

Kama umetoka nyumbani, Tanzania au Kongo, msamaha huo wa bidhaa za mpito hautakushangaza. Ni wazo lile lile la mzigo wa transiti: kontena la Lubumbashi likishuka Dar halilipi ushuru wa Tanzania, maana linapita tu. Marekani wao huuita msamaha wa fripoti. Jimbo la Nevada liliuweka kwenye sheria mwaka 1949, likauingiza kwenye katiba yake mwaka 1960, na mji wa Reno ukageuka kuwa stoo ya California. California wakati ule ilikuwa inatoza bidhaa zilizoko ghalani. Ukivuka mpaka tu, mzigo wako uko mapumzikoni, haulipi chochote hadi utakaporudi kwa mteja wa San Francisco. California iliifuta kodi hiyo mwaka 1980, lakini Reno ilikuwa imeshazoeleka, na maghala yake yapo hadi leo.

Texas ndiko kodi hii inakoonekana kwa macho. Kule bidhaa huhesabiwa kama zilivyo tarehe 1 Januari. Kuna msamaha kwa bidhaa zitakazotoka nje ya jimbo ndani ya siku 175, lakini si kila mji, kaunti au wilaya ya shule inautoa. Unaweza kukuta barabara moja upande huu wilaya ya shule imeukubali na upande wa pili imeukataa. Niliwahi kukaa na mteja wangu mmoja, muuza vifaa vya mabafu, wiki ya mwisho ya Desemba. Ghalani kwake foklifti zilikuwa hazilali. Malori yalipakia paleti za vigae usiku kucha kupeleka kwa wateja ambao hawakuwa wameziomba hadi Februari; aliwapunguzia bei ili wazipokee mapema. Mwingine angeona biashara imechangamka. Ukweli ni kwamba alikuwa anafagia sakafu kabla ya saa sita za usiku wa mwaka mpya. Nilimuuliza kama punguzo alilotoa halikuwa kubwa kuliko kodi aliyokwepa. Akacheka, akasema ndiyo kwanza anaanza kupiga hesabu.

Mfano mwingine ni Memphis, na huu naupenda kwa sababu ya barabara yake. Mji ule ni makao ya FedEx, kampuni nyingine ya vifurushi, ambayo ilihamia pale mwaka 1973 kutoka Little Rock. Memphis iko kwenye kona ya Tennessee, na ukiendesha kuelekea kusini unafika kwenye barabara inayoitwa Stateline Road. Upande mmoja ni Tennessee, upande wa pili ni Mississippi, mji wa Southaven. Kodi za majengo za Memphis, ukijumlisha ya mji na ya kaunti, ni miongoni mwa za juu kabisa katika Tennessee. Ng'ambo ya barabara Mississippi inasamehe bidhaa za mpito na inatoa misamaha ya miaka kadhaa kwa majengo mapya. Nenda Southaven na Olive Branch uone maghala yalivyojipanga.

Memphis ilijibu kwa ujanja wa kisheria. Bodi ya umma inachukua hatimiliki ya ghala, halafu kampuni inalipanga kutoka kwa bodi hiyo. Mali ya umma haitozwi kodi, kwa hiyo kampuni inalipa kiasi kidogo kilichokubaliwa badala ya kodi kamili. Kila mtu anajua kwamba ghala ni la kampuni. Karatasi tu ndizo zinazosema vingine. Ni nani anayefidia pengo? Mwenye nyumba ya kawaida mtaani, na shule.

Sasa nifike kwenye kodi ambayo kwa miaka ishirini ilivunja kanuni yangu ya maili 11. Ni kodi ya mauzo, ile unayoiona chini ya risiti. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Quill dhidi ya North Dakota kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji wa mbali akusanye kodi yake kama muuzaji huyo hana mguu ndani ya jimbo. Wanasheria huuita mguu huo neksasi. Duka ni mguu. Mfanyakazi ni mguu. Na ghala ni mguu mkubwa kuliko yote.

Fikiria maana yake. Kodi ya mauzo ni asilimia 6, 8, mahali pengine 9 ya bei yote, si asilimia 2 ya mzigo uliolala. Na ni mnunuzi anayeihisi. Duka la vitabu la mtaani linamwongezea mteja dola 8 kwenye kila 100, mtandao haumwongezei kitu. Kisheria mteja alitakiwa ajipeleke mwenyewe kuilipa kwa jimbo lake. Nani alijipeleka? Kwa ukubwa huo wa tofauti, ghala liliweza kusukumwa mamia ya maili, na lilisukumwa kweli.

Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, hakuficha. Katika mahojiano ya mwaka 1996 alieleza kwamba alichunguza hata uwezekano wa kuiweka Amazon kwenye ardhi ya Wenyeji wa Amerika karibu na San Francisco, na kwamba alitaka jimbo dogo, kwa kuwa ni wakazi wa jimbo hilo pekee ambao angelazimika kuwatoza. Akaangukia Seattle. Ghala la mashariki, lililofunguliwa mwaka 1997, aliliweka New Castle, Delaware. Delaware ni moja ya majimbo matano yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo. Mengine ni Alaska, Montana, New Hampshire na Oregon. Ukiwa Delaware, Philadelphia iko mlangoni na New York si mbali, na huna mguu jimbo la Pennsylvania wala la New York. Mwaka 1999 likaja ghala la Fernley, Nevada, mji mdogo wa jangwani mashariki ya Reno, kazi yake kuu ikiwa ni kulisha California bila kuikanyaga.

Na mwaka huo huo, dada, zikaja Campbellsville na Lexington, Kentucky. Hapa pana jibu ambalo mumeo na mwenzako wote hawakuligusa. Kentucky ina kodi ya mauzo, asilimia 6, na Amazon iliikusanya. Mwaka 2011 majimbo ambayo Amazon ilikusanyia kodi ya mauzo yalikuwa matano tu, na Kentucky ilikuwa mojawapo. Kwa nini wakubali? Kwa sababu sensa ya mwaka 2000 iliwahesabu watu wa Kentucky milioni 4, wakati California ilikuwa na karibu milioni 34. Kuweka mguu Kentucky kulimaanisha kuwatoza watu wachache, na kutoka hapo lori linafika Ohio, Illinois, Tennessee na Georgia ambako hutozi mtu. Jimbo dogo katikati ya majimbo makubwa, na UPS uani. Waliilipa kodi ya Kentucky kama mtu anayelipa kiingilio.

Kwingine walitumia mbinu nyingine: walijenga ghala, wakasema si letu, ni la kampuni dada, kwa hiyo sisi tunaouza hatuna mguu. Texas haikukubali. Mwaka 2010 mkaguzi wa fedha wa jimbo, Susan Combs, aliiandikia Amazon deni la dola milioni 269 kwa sababu ya ghala lililokuwa Irving, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas. Februari 2011 Amazon ikatangaza kulifunga. South Carolina mwaka huo huo ilionja kitu kinachofanana: bunge lilikataa kuipa kampuni msamaha wa kukusanya kodi, Amazon ikasimamisha mradi wa Lexington County, wananchi wakapiga kelele za ajira, na wiki chache baadaye bunge likageuka. Msamaha ukatolewa hadi mwanzo wa 2016, nayo kampuni ikaahidi ajira 2,000 na uwekezaji wa dola milioni 125.

Kilichobadilisha mchezo si hakimu wala mbunge. Ni haraka. Mwaka 2005 Amazon ilianzisha Prime, mzigo ndani ya siku mbili. Ukishaahidi siku mbili, na baadaye siku moja, ghala la Fernley haliwezi kumhudumia mtu wa Los Angeles. Ile hesabu yangu ya malori ikarudi mezani na kuishinda hata kodi ya mauzo. Ndipo ikaanza mikataba: Texas, kodi ianze kukusanywa Julai 2012, nayo kampuni ilete ajira 2,500 na dola milioni 200, California, ianze Septemba 2012, na punde maghala yakafunguliwa San Bernardino na Patterson. New Jersey ikafuata mwaka 2013. Tennessee na Indiana yenu zikafuata Januari 2014. Aprili 2017 Amazon ilikuwa inakusanya katika majimbo yote 45 yenye kodi hiyo.

Watu wengi husema kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, duka la samani la mtandaoni, ndiyo iliyowafungulia maghala yajengwe kila kona. Tazama tarehe. Hukumu ile ilitoka 21 Juni 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, na kweli ilizika sharti la mguu: South Dakota ilikuwa imeweka kiwango cha mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka, ukikivuka unakusanya hata kama huna hata kiti ndani ya jimbo. Lakini Amazon ilikuwa imeshajitoa mwaka mzima kabla. Wayfair iliwafungua wengine, wale wa kati, waliokuwa bado wanajibana kwenye jimbo moja kwa kuogopa kutoza. Kwao, tangu siku ile, ghala jipya haliongezi kodi ya mauzo ambayo wasingeidaiwa. Kodi ya mauzo ikaondoka kwenye maamuzi ya kiwanja, na zile ndogo, ya bidhaa na ya majengo, zikarudi kuwa na sauti.

Kuna pahali pamoja ambapo kodi ya mauzo bado inavuta maghala, ila safari hii inayavuta yaje. California inatoza asilimia 7.25 kama kiwango cha chini cha jimbo zima, na pointi moja ya hiyo inakwenda kwenye mji ambako mauzo yanahesabiwa kufanyika. Kampuni ikiuza mtandaoni na mauzo yakahesabiwa ghalani, mji wenye ghala unajikuta unapokea senti ya kila dola inayonunuliwa na watu wa miji mingine. Mwaka 2021 Amazon ilipobadili muundo wa umiliki wake, fedha zilizokuwa zikigawanywa kupitia mfuko wa kaunti zikaanza kutua kwenye miji yenye maghala. Miji isiyo na maghala ikabaki na malori yakipita barabarani kwake, mikono mitupu. Na kuna miji iliyosaini mikataba ya kuirudishia kampuni sehemu ya kodi hiyo kwa miaka mingi. Mimi huu mtindo siupendi. Ni kodi iliyolipwa na mnunuzi akidhani anachangia barabara yake, kumbe inarudi kwa muuzaji.

Kodi ya mapato ya kampuni nitaipitia haraka, maana nguvu yake kwa maghala imeisha. Zamani majimbo yaligawana faida ya kampuni kwa vigezo vitatu: mali iliyopo jimboni, mishahara inayolipwa jimboni, na mauzo ya jimboni. Ghala lilipandisha viwili vya mwanzo, kwa hiyo kujenga lilikuwa kama kujichokoza. Iowa ilikuwa inatumia mauzo peke yake, Mahakama Kuu ikaibariki mwaka 1978, na baadaye majimbo mengi yakaiga. Leo kwa sehemu kubwa ya nchi unaweza kujenga ghala la ukubwa wowote bila kodi yako ya mapato kupanda hata senti.

Swali ambalo hukuuliza, lakini naona linakaribia mdomoni: je, majimbo yanayotoa misamaha haya yote yanapata faida? Mchumi Timothy Bartik wa taasisi ya Upjohn, Michigan, alipitia tafiti nyingi mwaka 2018 akakadiria kwamba misamaha ndiyo iliyoamua mahali pa mradi katika asilimia 2 hadi 25 tu ya visa. Waliobaki wangekuja hata bila kupewa kitu. Hilo linaendana na maili zangu 11. Jimbo linapomlipa mtu ambaye tayari amesimama mlangoni, limemlipa kwa kuingia.

Nenda Bardstown, hapo Kentucky, uone kinyume chake, ghala lisiloweza kukimbia. Bourbon, ile wiski ya Kimarekani, inalala kwenye mapipa miaka minne, minane, kumi na miwili, na Kentucky hulitoza kila pipa kila mwaka linapolala. Ukitaka chupa yako iandikwe bourbon ya Kentucky, utailaza Kentucky, basi. Mzigo unaolala miaka hauwezi kuupata ule msamaha wa miezi sita. Kaunti kama Nelson na Bullitt zimejengea bajeti za shule na zimamoto juu ya mapipa hayo. Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya kuiondoa kodi hiyo polepole, kuanzia 2026 hadi 2043, na kaunti zilipinga sana. Uvumilivu wa miaka ishirini hivi ni wa pombe tu. Vikapu vyako havitapewa.

Tuje kwenye vikapu basi. Kodi ya mauzo: kwa kila kinachouzwa kupitia jukwaa la kampuni ile, jukwaa lenyewe ndilo linalotakiwa kuikusanya na kuilipa, Pennsylvania, Texas na kwingineko kote inakotozwa. Hayo ni matunda ya sheria zilizofuata Wayfair; Missouri ilikuwa ya mwisho, Januari 2023. Usisajili kitu kule kwa ajili hiyo. Lakini kitenge unachomuuzia mtu wa kanisani, au kwenye sherehe, au kwa WhatsApp ukakipeleka mwenyewe, hicho ni chako: asilimia 6 ya Kentucky, na unatakiwa uwe na usajili wa jimbo.

Kodi ya mali: Pennsylvania haitozi bidhaa za biashara. Texas inatoza, ila Novemba 2025 wapiga kura waliridhia msamaha wa hadi dola 125,000 kwa mali ya biashara, kuanzia mwaka 2026. Kabla ya hapo ulikuwa dola 2,500. Kwa ukubwa wa biashara yako, uko salama.

Kodi ya mapato ndiyo yenye miiba. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1959 inayomkinga muuzaji anayepokea tu oda kutoka jimbo jingine na kutuma mzigo. Ukishahifadhi mzigo ndani ya jimbo, kinga hiyo unaipoteza, hata kama aliyeuweka pale ni kampyuta ya kampuni na si wewe. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, na kodi yake ya kampuni kwa mwaka 2024 haikumgusa mwenye mapato yasiyozidi dola milioni 2.47. Pennsylvania inatoza asilimia 3.07 kwa kipato kinachotoka jimboni. Wauzaji kama wewe waliishtaki idara ya kodi ya Pennsylvania, na mwaka 2022 mahakama ya jimbo ikasema idara haikuonyesha vya kutosha kwamba bidhaa kukaa tu kwenye ghala la Amazon kunatosha kumfunga muuzaji wa mbali. Hukumu hiyo inakupa pumzi, ila siyo hati ya kusahau. Kama faida yako ya Pennsylvania ni mamia ya dola, zungumza na mhasibu wako mara moja kwa mwaka. Ikifika maelfu, zungumza naye mapema zaidi.

Na hapo nyumbani: vikapu ulivyonavyo gereji tarehe 1 Januari ni bidhaa za mfanyabiashara wa Kentucky. Fomu ya mali zinazohamishika inatakiwa kabla ya Mei 15. Kodi utakayolipa kwa wakati utaidai kwenye ritani yako ya mapato, ule mrejesho wa asilimia 100, ila haikupi fedha mkononi kama huna kodi ya mapato ya kukatwa. Kila mwisho wa mwezi ingia kwenye akaunti yako ya muuzaji, pakua ripoti inayoonyesha mzigo uko ghala gani, uihifadhi kwenye faili lenye tarehe. Ya Desemba 31 ichapishe.

Jambo moja la mwisho kuhusu mshahara wako. Kentucky na Indiana zina makubaliano, kwa hiyo kodi ya jimbo unalipa Kentucky unakoishi ingawa unafanya kazi Jeffersonville. Makubaliano hayo hayagusi kodi ya kaunti ya Indiana. Kitazame kikaratasi cha malipo: kama hawakukati ya kaunti, utaikuta Aprili.